Usiuziwe fito tatu kwa mto mmoja

Najua niliahidi kwamba wiki hii nitaandika juu ya bajeti ya kaunti, lakini bajeti itasubiri, haiendi popote. Nimekasirika. Tena nimekasirishwa na jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo na la kifahari: fito za kuvulia samaki aina ya trauti. Nivumilieni. Ndani ya jambo hili dogo mna habari ya pesa, mna habari ya ukoloni, na mna habari ya sisi wenyewe kukubali kuambiwa kwamba kitu kinachopita mlangoni petu si chetu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Nyeri. Mto unapita chini ya shule yake, maji baridi yanayotoka msituni, na ndani yake mna trauti. Kwa miaka mingi amewaona wageni wakishuka kwenye magari makubwa, wakivaa viatu vya mpira hadi kiunoni, wakirusha mishipi yao, wakaondoka. Mwaka huu akaamua naye atavua. Akaweka akiba. Akanipigia simu akasema, "Ndugu yangu, wewe umeshaanza mambo haya, nisindikize Nairobi tukanunue ufito." Tukaenda kwenye duka moja, silitaji jina.

Mwuzaji, kijana mwenye adabu na maneno mengi, akamwuliza atavua wapi. Mwalimu akasema mtoni, na siku nyingine kwenye bwawa. Basi! Akashushiwa fito tatu juu ya meza. Mmoja mfupi, namba 3, eti wa vijito vidogo. Mmoja wa futi 9, namba 5, eti wa mito mikubwa. Mmoja mzito, namba 7, eti wa mabwawa na upepo. Kila mmoja na rili yake na mshipi wake. Na fito zote tatu zilikuwa ngumu kama mpini wa jembe, "za kisasa", kwa maneno yake. Mwalimu akapiga hesabu kichwani. Nilimwona akihesabu. Kisha akazisukuma polepole zote tatu, akamshukuru yule kijana, akaniambia kwa Kikuyu, na hapa natafsiri: "Huu ni mchezo wa wazungu. Twende tukanywe chai."

Hayo ndiyo maneno yaliyonifanya niweke bajeti kando.

Nasema hivi, na niko tayari kubishana na yeyote: mtu anayevua trauti kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya anahitaji ufito mmoja. Futi 8 na nusu, namba 5, wa vipande vinne, unaopinda hadi katikati na si nchani tu. Juu yake mshipi mmoja unaoelea. Yaliyobaki ni biashara.

Kwa wale ambao hawajawahi kushika kitu hiki, acha nieleze kwanza kinavyofanya kazi, maana bila kuelewa hapo mtu atakuuzia chochote. Katika uvuvi wa kawaida wa ndoana, unafunga risasi au jiwe dogo mwishoni mwa uzi, na ule uzito ndio unaovuta uzi kwenda mbali. Katika uvuvi wa nzi wa bandia, nzi mwenyewe hana uzito. Ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana ndogo. Huwezi kumrusha, kama vile huwezi kumrusha unyoya wa kuku. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi. Mshipi ni mnene, umepakwa plastiki, na huo ndio unaorushwa. Nzi anafuata tu nyuma kama mkia wa tiara. Ufito kazi yake ni kupinda kwa uzito wa mshipi na kujinyoosha tena. Usipopinda, hakuna kitu.

Sasa hizo namba. Namba ya mshipi hupimwa kwa uzito wa futi 30 za mwanzo, yaani kama mita 9. Wamarekani waliweka kipimo hicho kwa greni: mshipi namba 4 ni greni 120, namba 5 ni greni 140, namba 6 ni greni 160. Ukigeuza kwa gramu, namba 4 ni kama 7.8, namba 5 ni kama 9.1, na namba 6 ni kama 10.4. Tofauti kati ya namba moja na inayofuata ni gramu moja na kitu. Gramu moja na kitu, jamani! Chukueni punje nne za mahindi mkononi mwenu. Hizo ndizo zinazotaka kumfanya mwalimu anunue ufito wa pili.

Tena ufito wowote wa maana hubeba mshipi wa namba yake, na wa namba moja juu au chini, bila kulalamika. Ufito namba 5 ukiupa mshipi namba 4 utafanya kazi taratibu. Ukiupa namba 6 utapinda zaidi, na kwa kurusha karibu hilo ni jambo zuri. Kwa hiyo ule ufito mmoja tayari unafanya kazi ambayo duka limeigawa kwa watu wawili.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye kosa lenyewe. Kipimo kile ni cha mita 9 za mshipi nje ya ncha ya ufito. Mto wa magharibi ya Marekani, kwa mfano huko Montana, ni mpana. Mtu anasimama katikati, anga wazi, anarusha mita 15, mita 18. Mshipi wote mzito uko hewani na ufito mgumu unapinda vizuri kabisa. Fito zinazokuja madukani zimetengenezwa kwa ajili ya mtu huyo. Je, mito yetu iko hivyo? Ragati, Thiba, Burguret, Gura yenyewe huko juu... sehemu nyingi unavua umbali wa mita 5 au 6 kutoka uliposimama. Ukitoa urefu wa ufito na urefu wa nailoni, mshipi ulio nje ya ncha haufiki hata mita 4. Uzito wake haufiki hata nusu ya ule uliopimiwa, kwa sababu mwanzo wa mshipi ni mwembamba kuliko tumbo lake. Ufito mgumu haujui hata kama kuna kitu kimening'inia. Unaurusha kama unavyorusha kamba kwa mpini wa ufagio.

Najua kwa sababu nilifanyiwa hivyo mimi mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita, mshahara wangu wa kwanza wa gazetini ukiwa bado unanukia mfukoni, niliuziwa ufito namba 6, mgumu, "wa kurusha mbali". Nikaenda nao mtoni. Siku ya kwanza bega liliniuma nikashindwa kuinua kikombe. Siku ya pili nilinasa mti, nikanasa koti langu, nikanasa sikio. Samaki sikunasa. Nikaamini kosa ni langu, kwamba labda mchezo huu unahitaji damu fulani ambayo mimi sina.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa kijiji chetu. Namwita Guka kama wanavyomwita wote. Ujanani mwake alifanya kazi ya kubebea wazungu mizigo mtoni: anabeba kapu, anabeba wavu, anafungua nailoni iliyojiviringa. Miaka yote hiyo hakuruhusiwa kuushika ufito ila kuubeba. Alipostaafu aliachiwa ufito wa faiba glasi, wa zamani, wa rangi ya kahawa, laini kama fimbo mbichi. Nilimkuta siku hiyo amekaa juu ya jiwe ananitazama.

"Kijana," akaniambia, "unapigana na nani?"

"Guka, najaribu kurusha."

"Lete hapa." Akaushika ufito wangu, akautikisa mara moja, akanirudishia kama mtu anayerudisha chumvi baada ya kuomba sukari. Akanipa wa kwake. Nikatoa mita 4 za mshipi, nikainua mkono, nikasubiri kidogo, nikashusha. Mshipi ulikwenda. Nasema ulikwenda! Nzi akatua juu ya maji kama aliyetua kwa hiari yake.

Basi nikaanza kusoma, maana ndiyo kazi niliyosomea. Nikagundua kwamba faiba glasi ilitawala baada ya Vita Kuu ya Pili, ikachukua nafasi ya fito za mianzi ya China zilizogundishwa kwa vipande sita; kwamba miaka ya 1970 ikaingia grafaiti, nyepesi na yenye nguvu; na kwamba tangu hapo kila kampuni inashindana kutengeneza ufito mgumu zaidi, mwepesi zaidi, unaorusha mbali zaidi kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya duka. Uwanja wa nyasi hauna samaki. Nikagundua pia kwamba namba iliyoandikwa kwenye ufito ni maoni ya mwenye kiwanda. Mshipi una kipimo cha mizani. Ufito hauna kipimo kinacholazimisha mtu. Ndiyo maana Mmarekani mmoja, William Hanneman, alibuni njia ya kupima fito kwa sarafu: unauweka ufito mlalo, unaning'iniza mfuko nchani, unaongeza senti moja moja hadi ncha ishuke theluthi ya urefu wa ufito, kisha unahesabu sarafu. Watu walipoanza kupima hivyo, walikuta fito nyingi zilizoandikwa 5 zina nguvu za 6 au hata 7.

Na kampuni za mishipi zikafanya nini? Badala ya kusema fito zimekuwa ngumu mno, zikaanza kutengeneza mishipi mizito kuliko kipimo, nusu namba au namba nzima zaidi, na kuiandika 5 vilevile. Yaani unauziwa ufito mgumu, halafu unauziwa dawa ya ugumu. Mimi huko gazetini nikiandika habari ya namna hiyo juu ya wauzaji wa mbolea, mhariri angeiweka ukurasa wa kwanza.

Turudi kwa ufito wa mwalimu. Kwa nini futi 8 na nusu? Kwa sababu mito yetu ina sura mbili. Ukiwa kwenye ukanda wa mianzi na msitu, matawi yako juu ya kichwa chako na nyuma ya mgongo wako, na ufito mrefu ni balaa. Ukipanda juu zaidi, msitu unakwisha, unaingia kwenye nyika ya nyasi za mashuke ambako upepo hauna wa kuuzuia, na hapo unataka urefu ili uinue mshipi juu ya nyasi na juu ya maji yaendayo kasi. Futi 7 zinafaa chini, futi 9 zinafaa juu. Mtu mwenye fito mbili atauacha nyumbani ule anaouhitaji, hiyo ni kanuni. Futi 8 na nusu ni mita 2.6 hivi; ukiwa wa vipande vinne, kila kipande ni kama sentimita 65. Unalala ndani ya begi, unapanda nao matatu, hakuna anayekuuliza kama umebeba bomba la maji.

Kwa nini namba 5? Samaki wengi wa vijito vyetu hawafiki nusu kilo, na mtu ataniambia namba 3 inatosha. Kwa samaki, ndiyo. Lakini hatuchagui namba kwa ajili ya samaki, tunaichagua kwa ajili ya nzi na upepo. Gura ni mto wenye mbio kali. Ukitaka nzi afike chini waliko samaki lazima awe amefungwa na ushanga wa chuma au waya, na mshipi mwembamba wa namba 3 hauwezi kumbeba mzigo huo bila kukupiga kisogoni. Namba 5 inambeba. Siku hiyohiyo jioni, nzi mdogo mkavu wa kuelea akihitajika, namba 5 inamtua kwa upole wa kutosha ukiwa na nailoni nzuri. Namba 6 na 7 zinabeba zaidi, lakini samaki wa robo kilo kwenye ufito namba 7 ni sawa na kumfunga mbuzi kwa mnyororo wa lori.

Sasa mshipi, na hapa nitawaudhi hata marafiki zangu. Maduka yote yatakuuzia mshipi wenye uzito mbele: mita 9 hadi 12 za mwanzo ni nene, zilizobaki ni nyembamba, ili sehemu nzito ivute nyembamba uende mbali. Ni mzuri kwenye bwawa, sikatai. Lakini kuna aina ya zamani, mshipi wenye ncha mbili, mnene katikati na mwembamba pande zote mbili sawasawa. Kwa mita 9 za kwanza, aina hizi mbili hazitofautiani kwa jambo la maana, na mtoni hatupiti mita 9. Ule wa ncha mbili una faida mbili. Kwanza, ni bora kwa kurusha kwa kuviringisha, yaani ile njia ya kutorusha nyuma kabisa: unauvuta mshipi juu ya maji polepole hadi uning'inie nyuma ya bega, halafu unasukuma mbele, nao unajiviringisha juu ya maji. Penye mianzi nyuma yako, hiyo ndiyo njia pekee. Pili, na hapa masikini mwenzangu sikiliza: upande mmoja ukichakaa, unaugeuza. Unapata mshipi mpya bila kwenda dukani. Guka aligeuza wa kwake akaendelea kuvua. Nilipomwuliza yule mwuzaji kwa nini hana hata mmoja, akasema hauna soko. Utakuwaje na soko kitu ambacho mtu akinunua harudi!

Uwe unaoelea. Usinunue unaozama. Ukitaka nzi azame, mwongeze uzito yeye mwenyewe, au rusha juu zaidi ya mkondo ili awe na muda wa kushuka. Mshipi unaozama ni wa mabwawa yenye kina, na hata huko unaweza kuanza bila huo. Nailoni ya mbele iwe futi 9, nene mwanzoni na nyembamba mwishoni, ncha ya milimita 0.15 hadi 0.18, ukiingia kwenye mianzi ipunguze. Na tafadhali, ukipaka dawa ya mbu futa viganja kabla hujashika mshipi. Zile zenye kemikali ya DEET zinakula plastiki. Nilimaliza mshipi mmoja hivyo, nikitoka Mombasa na chupa begini, nikaenda kujipaka mahali ambapo baridi yake haina hata mbu mmoja. Mshipi uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usiachwe juani kwenye kioo cha gari. Basi.

Rili? Nunua ya bei ya chini isiyokwama. Kwa samaki wetu rili ni kibanda cha kuwekea mshipi. Samaki unamvuta kwa mkono. Pesa uliyookoa hapo iweke kwenye mshipi. Kama una shilingi chache za kugawanya, mshipi mzuri juu ya ufito wa kawaida utavua. Ufito wa kifalme wenye mshipi uliopasukapasuka utakuaibisha.

Niwe mkweli kwa upande wa pili, nisije nikaitwa mchochezi. Ufito wa bei ya juu si utapeli. Zile za Marekani zinazopita dola 1,000 ni nyepesi kweli, pete zake ni nzuri, koki ya mpini ni laini, na kampuni huahidi kukutengenezea ukivunjika. Nimeshawahi kuushika mmoja, wa mgeni niliyemhoji, na sikutaka kuurudisha. Lakini dhamana hiyo inamfaa mtu anayeishi karibu na kiwanda. Mwalimu wa Nyeri ataulipia kuupeleka, ataulipia kuurudisha, kisha atasimama mbele ya afisa wa forodha aeleze kwamba kitu hiki ni chake tangu zamani. Kuna fito nzuri kabisa zinazouzwa chini ya dola 200, na za mtumba za faiba glasi zipo ukitafuta kwa watu. Na wapo wanaosema hata hiyo ni nyingi: Wajapani wana uvuvi wao wa tenkara, ufito mrefu laini, uzi umefungwa nchani, hakuna rili. Kwenye kijito chembamba cha mlimani wananishinda, nakubali. Ila bwawani hawana la kufanya, na mwalimu alisema anataka na bwawa.

Mtaniuliza, hasira yote hii ya nini? Watu wangapi Kenya wanavua trauti? Wachache. Na swali langu ni kwa nini wachache.

Samaki huyu hakuumbwa hapa. Aliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa kutembea kutoka Rasi hadi Cairo. Mayai yalitoka Loch Leven huko Uskoti, yakawekwa mto Gura. Baadaye wakaletwa wale wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1907, miaka miwili baada ya kuwapa samaki wake makao, Grogan huyohuyo aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaanzisha kituo cha kuzalisha trauti pale Kiganjo. Wenyeji waliishi kando ya mito hiyohiyo, na kazi yao ilikuwa ile ya Guka: kubeba. Kwa hiyo mwalimu anaposema huu ni mchezo wa wazungu, hakosei historia. Kosa ni la anayemhakikishia, leo, kwa bei.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Hao nzi wa bandia wanaouzwa Marekani na Ulaya, sehemu kubwa wanafungwa hapahapa Kenya, kwa mikono yetu. Nilishawahi kwenda kuandika habari ya akina mama wanaofanya kazi hiyo. Vidole vyao ni vya ajabu! Mama mmoja alinifungia mmoja mbele ya macho yangu, unyoya, uzi, mzunguko, fundo, kabla sijamaliza kufungua daftari. Nikamwuliza, "Mama, umeshawahi kumwona huyu akila samaki?" Akacheka. Akasema hajui hata anavuliwaje, yeye anajua dazeni. Miaka na miaka ya kufunga nzi, na mto uko umbali wa kutembea kwa miguu. Tunatengeneza chambo cha dunia nzima, halafu tukitaka kuvua tunaambiwa tulete mishahara ya miezi mitatu.

Wapo watakaosema ni afadhali hivyo, kwamba wavuvi wakiwa wengi samaki watakwisha. Naijua hoja hiyo, na haina uzito. Anayemaliza samaki mtoni ni yule anayekuja usiku na wavu au na sumu, na huyo hanunui ufito dukani. Mwenye ufito mmoja na leseni, anayekuja mchana kila Jumamosi, ndiye wa kwanza kuona maji yamebadilika rangi na ndiye atakayepiga kelele. Mto usiokuwa na watu wake hauna shahidi. Leseni ichukueni, haina ubishi, na mkiingia ndani ya hifadhi lipeni ada na mtafute askari wa wanyama, maana nyati hajali una namba 5 au namba 7.

Mwalimu nimeshamshawishi. Si kwa maneno haya, bali kwa kumpa ule namba 6 wangu mgumu ajaribu, kisha wa Guka, kama nilivyofanyiwa mimi. Alirusha mara tatu akanyamaza. Tumempata mtu Nanyuki anayeuza ufito wa futi 8 na nusu, wa mtumba, namba 5, una mkwaruzo kwenye kipande cha pili lakini haujapasuka. Mshipi wa ncha mbili tumeagiza kwa binamu yangu aliyeko Uingereza, anakuja Desemba. Kwa sasa anatumia wa Guka, upande uliobaki.